Bloku zinazojirudia kwenye PCB: chora moja, ila kwanza jua inaishia wapi

Bado kuna watu wanachora PCB, yaani bodi ya saketi, ya chaneli nane (saketi ile ile mara nane) kwa kopi na pesti. Chaneli ya kwanza inakaa vizuri, wanaikopi, wanaibandika pembeni, alafu inaanza kazi ya kubadilisha OUT1 iwe OUT2, GATE1 iwe GATE2, ukifika chaneli ya sita macho yameshachoka na kuna lebo ya GATE5 imebaki sehemu mbili, yaani chaneli mbili zimeshikana na programu haikwambii chochote, manake kwa upande wake nyaya mbili zenye jina moja ni waya mmoja, ndo sheria yake. Siwacheki. Kopi na pesti iko hapo hapo kwenye kibodi, hii njia nyingine imefichwa kwenye menyu ambazo majina yake hayakwambii kitu mpaka ushazijua.

Hiyo njia nyingine, ya kuchora bloku moja na programu iirudie, ndo naiongelea leo. Mifano mingi ntatoa kwa KiCad, programu ya kuchora bodi, kwa sababu ni ya bure na ndo natumia kila siku, Altium, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, ntaigusa kidogo, na kama uko kwenye programu nyingine bado utajiona humu.

Tuchukue saketi ya kawaida kabisa, ya kuwasha na kuzima kitu cha volti 24, valvu, koili ya relei, mota ndogo, chochote. Mikrokontrola inatoa ishara, inapita kwenye resista ya omu 100 kwenda geti ya MOSFET, yaani swichi ya umeme, kuna resista ya 10k inaivuta geti chini ili mikrokontrola ikiwa bado haijaamka kitu kisijiwashe chenyewe, kuna dayodi ya kumeza ule mshtuko wa koili ikizimwa, kuna LED na resista yake, na konekta ya skrubu ya pini mbili. Hesabu: vipande saba. Chaneli nane ni vipande 56, kumi na sita ni 112, na kwa kweli umedizaini vipande saba tu. Vingine vyote ni marudio.

Kwenye KiCad unachora shiti mtoto, yaani ukurasa wa mchoro unaoitwa kutoka ukurasa mwingine, tuseme faili lake linaitwa drv.kicad_sch, unaweka hivyo vipande saba ndani yake. Alafu kwenye shiti mama unaweka kisanduku cha hiyo shiti mara nane, vyote vinaangalia faili hilo hilo moja. Ukifungua kisanduku chochote kati ya hivyo nane ukabadilisha dayodi, imebadilika kote, kwa sababu hakuna nakala nane, kuna faili moja linaloonekana mara nane. Kinachotofautiana ni namba za vipande, na kwa IC zenye sehemu kadhaa ndani, herufi ya sehemu. Thamani ni moja kwa wote. Hiyo ya thamani ishike, ntairudia.

Altium wana ufupisho mtamu zaidi: unaweka kisanduku kimoja tu, kwenye jina lake unaandika Repeat(CH,1,8) na yenyewe inaelewa kwamba ziko nane. Ishara inayotakiwa kuwa tofauti kwa kila chaneli unaiandikia Repeat(IN) kwenye mlango wa shiti, unaunganisha na basi ya IN[1..8], imeisha. KiCad hamna hiyo, vile visanduku nane unaviweka mwenyewe na nyaya unazivuta mwenyewe, ni kazi kidogo ila ya mara moja na unaiona kwa macho.

Sasa lebo, na hapa twende polepole manake ndo panapoua bodi. KiCad ina lebo za aina tatu. Kuna ya kawaida, inayoishia ndani ya shiti, hivyo GATE kwenye chaneli ya tatu kwa ukweli inaitwa /CH3/GATE na haikutani na GATE ya chaneli ya nne hata siku moja. Kuna ya mlangoni, inayotoka nje kupitia pini ya kisanduku, hiyo ndo unaipa IN na OUT. Na kuna ya globali, inayojulikana mradi mzima. Ukiweka lebo ya globali ndani ya bloku inayojirudia, umeunganisha chaneli zote nane kwenye hiyo pointi, na kama ni 24V ni sawa, ndo ulichotaka, ila kama ni OUT umetengeneza swichi moja kubwa yenye konekta nane.

Hilo la OUT mtu anaona haraka. Lisiloonekana haraka ni alama za pawa. Alama ya GND, +5V na wenzake kwenye KiCad ni za globali kwa tabia yake. Sasa fikiria bloku yenye optokapla, kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga bila waya kuungana, kila chaneli inatakiwa iwe na graundi yake iliyotengwa, ndo maana nzima ya kuweka optokapla. Mtu anatengeneza alama nzuri ya pawa anaiita GND_ISO, anaiweka ndani ya bloku, inaonekana safi kabisa. Na hapo hapo graundi nane zilizotakiwa zisijuane zimekuwa graundi moja. ERC, ukaguzi wa skematiki (mchoro wa saketi), haitapiga kelele, DRC, ukaguzi wa bodi, haitapiga kelele, manake kwa sheria zao hakuna kosa. Optokapla zote ziko mahali pake na chaneli hazijatengana. Kwa hiyo ndani ya bloku graundi ya kutengwa iwe lebo ya kawaida, ionekane mbaya lakini ikae ndani. Ukitaka kuhakikisha, fungua upande wa PCB, bonyeza pedi moja ya hiyo graundi kwenye chaneli ya kwanza na uangalie ni pedi ngapi zinawaka. Zikiwaka za chaneli zote, rudi kwenye skematiki.

Namba za vipande nazo usiziachie zijipange tu. Ukiacha kawaida utapata R1 mpaka R24 zimetawanyika, na siku unashika pasi ya kusolda hujui R17 ni ya chaneli gani. Kwenye kidirisha cha kutoa namba kuna chaguo la kuanzia namba ya shiti mara 100. Shiti ya pili kwenye mpangilio resista zake zinaanza R201, ya tatu R301, kwa hiyo R203 na R303 na R403 ni resista ile ile kwenye chaneli tofauti, na unaweza kumwambia mtu "pima zote zinazoishia na 03" akaelewa. Kuna mara 1000 pia kama bloku ni kubwa. Altium wanaongeza jina la chaneli mwishoni, R1_CH1, R1_CH2, au herufi tu, R1A, R1B, kutegemea umeweka mpangilio gani. Mi napenda zaidi ya herufi, ni fupi, na kwenye maandishi ya juu ya bodi nafasi ni shida tayari.

Haya, mpaka hapa ni mambo ya kubonyeza. Ngoma yenyewe ni kuamua nini kiko ndani ya bloku na nini kiko nje, na hilo hakuna programu itakufanyia. Watu wengi wanaliamua kwa kuangalia skematiki, kipi kinapendeza kukaa pamoja. Mi nasema liamue kwa kuangalia bodi. Kabla hujafungua shiti mtoto, jiulize hii kitu itakaaje kwenye shaba, kama naweza kuikata na kuibandika mara nane bila kitu kubaki mkononi.

Mfano unaowasumbua wengi ni op-amp, kikuza ishara. LM324 ina op-amp nne ndani ya chipu moja. Una chaneli nne za kupima, kila moja inahitaji op-amp moja, basi akili inakwambia chipu moja inatosha wote. Kwenye skematiki inawezekana, KiCad inakubali shiti nne tofauti zitumie sehemu A, B, C na D za U5 ile ile, unaweka namba kwa mkono na inatulia. Ila ukifika kwenye bodi, chipu ni ya nani? Iko chaneli ya kwanza au katikati? Resista za chaneli A zinakaa upande huu wa chipu, za D upande ule, na hakuna chaneli mbili zenye umbo moja, kwa hiyo marudio yamekufa. Hapo una njia tatu. Unaweza kuweka op-amp moja moja, LM321 ni ile ile familia kwenye kifuko kidogo cha pini tano, vipande vinaongezeka ila kila chaneli inajitegemea. Unaweza kutumia LM358 yenye op-amp mbili, alafu bloku yako ikawa ya chaneli mbili, unairudia mara mbili badala ya nne. Au bloku iwe zote nne pamoja na LM324 yake, na kama bodi ina chaneli nne tu basi hukuwa na marudio, chora kawaida na uende kulala. Mi mara nyingi nachukua ile ya katikati, ila ukiwa na chaneli kumi na sita zilizobanana ile ya kwanza inakuokoa sana.

Thamani tofauti ndo kisa kingine. Chaneli saba zinapima volti 10, ya nane inapima volti 30. Saketi ile ile, resista moja tofauti. Nilisema thamani ni moja kwa shiti zote, kwa hiyo ukibadilisha ya nane umebadilisha zote. Watu hapa wanakopi faili zima wanaita adc_30v na sasa wana faili mbili za kutunza, miezi kadhaa mbele moja imerekebishwa na nyingine imesahaulika. Itoe hiyo resista nje. Weka pini mbili kwenye kisanduku, resista ikae shiti mama, kila chaneli na yake. Skematiki inakuwa na resista nane zinaning'inia nje kama nguo kwenye kamba, sawa, haipendezi, lakini bloku imebaki moja. Ubaya wake ni kwamba zana ya kunakili bodi haitazibeba hizo resista, utazipanga kwa mkono, nane tu sio mbaya.

Kapasita za 100 nF za chipu zinaingia ndani ya bloku bila mjadala, kila chipu na yake, karibu na pini yake. Kapasita kubwa ya kuingilia pawa inakaa nje. Mikrokontrola nje. 74HC595, chipu ya kuongezea mikrokontrola pini za kutoa ishara, inategemea: ina matokeo nane, kwa hiyo kama bodi ni ya chaneli 32 unaweza kufanya bloku kubwa ya 595 moja na bloku ndogo nane ndani yake, uirudie mara nne. Shiti ndani ya shiti inaruhusiwa na inafanya kazi vizuri, ila usiende chini zaidi ya hapo, kutafuta kitu ndani ya shiti ya nne ni adhabu.

Twende kwenye bodi. Hapa kabla ya kupanga kipande chochote nachukua kitu kimoja kisichokubali mjadala, yaani konekta. Konekta ya skrubu ya milimita 5.08 yenye pini mbili inachukua upana wa 10.16. Zikigusana ubavu kwa ubavu, hatua ya chaneli ni 10.16 na haiwezi kuwa chini ya hapo. Chaneli nane ni milimita 81.28. Basi MOSFET, dayodi, LED na resista tatu lazima ziingie kwenye korido ya 10.16, zikizidi chaneli zinaanza kuparamiana. Na gridi iendane: 10.16 ni mara nane ya 1.27, safi kabisa, lakini kwenye gridi ya 0.5 haigawanyiki, kila chaneli itaangukia mahali pengine kwenye gridi na utajikuta unapigana na treki, zile njia za shaba, zinazokataa kunyooka kwa sehemu ndogo ya milimita. Weka gridi 1.27 au 0.635 tangu mwanzo kwa hiyo sehemu ya bodi.

Treki zinazopita chaneli zote, 24V na GND, zitoke kushoto na kulia mwa bloku kwa kimo kile kile na upana ule ule, ili bloku zikipangwa zinaungana zenyewe. Ukipata hii, ukinakili chaneli ya pili unaona zile nyaya hewa za pawa, mistari myembamba ya miunganisho ambayo bado haijachorwa, zinapotea bila kugusa kitu, na hiyo raha mtu wa bodi anaijua.

Na usigeuze bloku kama kwenye kioo. Inavutia, hasa bodi ya sauti yenye kushoto na kulia, unataka pande mbili zifanane kama uso. Chipu haina pacha wa kioo, pini 1 iko pale ilipo, ukigeuza umeipeleka upande wa chini wa bodi. Zungusha nyuzi 180 ukitaka, hiyo inakubali.

Kunakili kwenyewe: KiCad toleo la 9, lililotoka Februari 2025, lina kazi hii ndani yake, kabla ya hapo tulikuwa tunategemea plagini. Kwenye menyu ya Tools kuna Multi-Channel, unaanza na kutengeneza maeneo, linapatikana eneo moja kwa kila shiti. Unapanga chaneli ya kwanza mpaka mwisho, treki, via (vitundu vya shaba vinavyounganisha leya), zoni za shaba, mpaka maandishi ya juu, alafu unachagua eneo lake na kusema Repeat Layout, unachagua maeneo yanayopokea. Inajua kipi ni kipi kwa kulinganisha jinsi vipande vinavyoungana, kwa hiyo kama chaneli moja ina waya umeenda tofauti inagoma, na ikigoma usiilaumu kwanza, kaangalie hiyo chaneli. Altium mambo yale yale wanaita rumu, kuna amri ya kunakili muundo wa rumu moja kwenda nyingine. Allegro, programu nyingine tena, wana Place Replicate, unahifadhi kama faili la mdd na unalitumia hata kwenye bodi nyingine.

Sasa kitu ambacho maelezo ya zana huwa hayasemi. Skematiki ni faili moja linaloonekana mara nane, bodi ni nakala nane za kweli. Ukibadilisha dayodi kwenye skematiki imebadilika kote, ukisogeza dayodi kwenye bodi imesogea moja. Inabidi unakili tena, na ukinakili tena yale marekebisho madogo uliyofanya kwa mkono kwenye chaneli ya tano, ile via uliyoisogeza kukwepa tundu la skrubu, yanafutwa. Kwa hiyo tundu la skrubu lijulikane kabla, umbo la bodi lijulikane kabla, na chaneli ya kwanza iive kweli kweli kabla hujazaa zingine. Kama bodi ni kubwa mi naagiza kwanza kibodi kidogo chenye bloku moja au mbili, naisolda, naichoma joto, naipima. Futiprinti, yaani mpangilio wa pedi, ya MOSFET yenye geti na dreni zimebadilishana ni kosa moja kwenye faili na ni MOSFET kumi na sita zilizokaa vibaya kwenye bodi.

Na hata nakala zikifanana mpaka via ya mwisho, umeme hauzioni sawa. Piga hesabu na mimi. Shaba ya mikroni 35, ile ya aunsi moja, kila mraba una karibu miliomu 0.5. Treki ya GND yenye upana wa milimita 4 inapita chini ya chaneli nane, kila hatua ni karibu milimita 10, yaani miraba 2.5, yaani miliomu 1.25. Kila chaneli inarudisha ampea 1. Kipande cha karibu na konekta ya pawa kinabeba ampea 8, kinachofuata 7, mpaka cha mwisho 1, jumla ya hizo ni 36, mara miliomu 1.25 unapata milivolti 45. Graundi ya chaneli ya nane iko juu milivolti 45 kuliko ya konekta. Kwa koili ya relei hiyo ni kelele ya nzi. Ila kama kila chaneli ina resista ya miliomu 10 ya kupimia mkondo, ampea 1 inakupa milivolti 10, na wewe unaisoma juu ya graundi iliyopanda mara nne na nusu ya hapo. Chaneli ya kwanza itakosea kidogo kuliko wenzake, ya nane itasoma hadithi, na skematiki zao ni faili moja. Ingiza pawa katikati badala ya pembeni, nne huku nne huku, inashuka mpaka karibu 12.5. Mwaga GND leya nzima badala ya treki, inashuka zaidi. Au pima tofauti ya pande mbili za resista yenyewe usitegemee graundi ya mbali, hiyo ndo dawa kamili, na nafasi ya hizo nyaya mbili lazima uiache kwenye ile korido ya 10.16 tangu mwanzo. Joto nalo hivo hivo, chaneli za katikati zinazungukwa na majirani wenye moto, za pembeni zinapumua.

Kuna aina ya pili ya marudio, ya bodi kwa bodi, pawa ya 3.3V, USB-C, RS-485, vitu unavyovichora kila mradi. KiCad 9 ina design blocks kwa hilo, unachagua kipande cha skematiki unakihifadhi kwenye maktaba, mradi mwingine unakivuta. USB-C ndo ningeanza nayo, manake inaonekana rahisi na sio. Kifaa kinachopokea umeme kinataka resista ya 5.1k kwenye pini ya CC1 na nyingine ya 5.1k kwenye CC2, pini za kutambuana na chaja, mbili, kila pini na yake. Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ilipotoka 2019 toleo la kwanza liliunganisha pini zote mbili kwenye resista moja, na nyaya za USB-C zenye chipu ndani zikawa zinaiona kama kifaa cha sauti na haziipi umeme, wakarekebisha matoleo yaliyofuata. Sasa kama watu wale linawapita, mimi na wewe tukichora upya kila mradi litatupita pia, siku moja saa sita usiku.

Ila ukivuta bloku kutoka maktaba unapata nakala, haijafungwa kamba na ile ya maktaba. Ukirekebisha ya maktaba bodi za zamani hazijui. Wengine hilo linawaudhi, wanaweka bloku zao kama repo ya git (hifadhi ya faili inayotunza matoleo) ndani ya repo ili kila mradi uvute mabadiliko. Mi naona heri nakala. Bodi iliyoshatoka kiwandani nataka faili zake zibaki vile vile zilivyokuwa siku ilipoagizwa, na pembeni ya bloku ndani ya skematiki naandika tarehe na toleo, USBC v3, ili nikifungua mradi wa zamani nijue iko nyuma kiasi gani na kama kuna haja ya kuigusa.